Waliposema “Ebola iko biznesi”, walisema nini?

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mama yangu mkubwa, anayeuza maharagi na unga wa mihogo katika soko moja la komini ya Kimemi, hapa Butembo, alitembelewa nyumbani na vijana watatu wenye madaftari. Jirani yake alikuwa amepelekwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, na yeye alikuwa amemsaidia kupanda gari. Vijana walimweleza kwamba jina lake limeingia kwenye orodha, kwamba atafuatwa kwa siku 21, na kwamba kuna chanjo. Mama mkubwa aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: “Ile yote iko biznesi.” Kijana mmoja akaandika neno moja kwenye daftari. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nililiona. Lilikuwa la Kifaransa: refus. Amekataa.

Siku mbili baadaye mama mkubwa alikwenda mwenyewe kuchanjwa. Nilimuuliza: “Mama, si ulisema iko biznesi?” Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyepoteza ada ya shule. “Mwanangu, nilisema iko biznesi. Sikusema haiko.”

Nimesoma isimu miaka kadhaa sasa, na sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu neno moja lenye maana nyingi. Katika makala hii nataka kutetea hoja moja. Sentensi “Ebola iko biznesi”, iliyosikika kila mahali Beni na Butembo kati ya 2018 na 2020, haikuwa na maana moja. Wageni wengi, na wenzetu wengi waliosoma, waliisikia kama sentensi ya mtu anayekana ugonjwa. Walikosea mara nyingi, na kosa lao lilikuwa kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la kitu kingine. Sisi wa idara ya lugha za Kiafrika tulikuwa na vyombo vya kulionyesha kosa hilo. Hatukuvitoa.

Nianze na neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa business lilibeba maana ya mahangaiko, hali ya mtu mwenye kushughulika na mwenye wasiwasi. Limeundwa juu ya busy, yaani mwenye shughuli. Maana ya kuuza na kununua ilikuja kushika nafasi ya mbele baadaye sana, kufikia karne ya 18. Ile ya kwanza haikufa yote. Mwingereza akikuambia kwamba jambo fulani si business yako, hazungumzii duka, anakuambia halikuhusu. Kwa hiyo neno lilipoondoka kwao lilikuwa tayari limebeba mizigo miwili, shughuli ya mtu na pesa.

Kifaransa kiliazima neno hilo na kuliongezea mzigo wa tatu. Kwa Kifaransa, neno lenye heshima ni affaires. Business, ambalo wengine huliandika bizness, ni neno la mazungumzo, na mara nyingi lina harufu ya ujanja, ya pesa ambayo haijulikani vizuri imetoka wapi.

Kwetu naona limefika kwa njia mbili. Njia ya mashariki ni ile ya Kasindi, wanapovukia wafanyabiashara wetu kwenda Kampala na mbali zaidi, ambako bei na mizigo huzungumzwa kwa maneno mengi ya Kiingereza. Njia ya magharibi ni Kifaransa cha shule, cha redio na cha Kinshasa. Dhana yangu, ambayo ningependa walimu waipime, ni kwamba kutoka mashariki neno limeleta sura safi ya kazi ya mtu, na kutoka magharibi limeleta sura yenye kivuli. Mzungumzaji wa Butembo anazo zote mbili, na anajua wakati wa kutumia kila moja.

Tena neno liliukuta mji ambao ulikuwa na neno lake tayari. Biashara, ambalo asili yake inatafutwa katika maneno ya Kiarabu ya kuuza na kununua, si neno dogo kwetu. Butembo ni mji wa wafanyabiashara: kahawa na papaini zikitoka, bidhaa za Dubai na za China zikiingia. Serikali ilipokuwa imechoka, watu wa biashara pamoja na Kanisa walibeba sehemu kubwa ya mambo ya mji, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa 1989, kilizaliwa katika hali hiyo. Mtu akisema “baba yangu ni mfanyabiashara”, amesema jambo la heshima. Basi kama nafasi ya biashara ilikuwa imejaa, biznesi ilipata kazi gani?

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika kwenye daftari sentensi zenye neno hilo nilizozisikia sokoni, kwenye pikipiki, kanisani na nyumbani. Naziweka katika mafungu matano. Sidai kwamba yanatosha. Nadai kwamba hayapungui hayo.

Fungu la kwanza ni kazi ndogo ya kujitafutia. “Nafanya kabiznesi.” Tazameni kiambishi: ka- kwa umoja na tu- kwa wingi, kabiznesi kangu, tubiznesi twangu. Kiswahili sanifu hakiundi udogo hivyo, lakini Kinande kinao aka- na otu-, na Kiswahili chetu kimeupokea udogo huo kwa mikono miwili. Mwanamke mwenye meza ya nyanya na debe la makaa hasemi ana biashara. Biashara ina mlango, ina kufuli, ina jina lililoandikwa ukutani. Yeye ana kabiznesi. Katika fungu hili neno halina kivuli chochote. Lina unyenyekevu, tena lina fahari kidogo.

Fungu la pili ni jambo linalomhusu mtu. “Haiko biznesi yako.” “Hii inakuwa biznesi yake tangu lini?” Hapa neno hufuatwa na kimilikishi, na sentensi huwa ya kukana au ya kuuliza. Ndiyo ile maana ya zamani ya Kiingereza, imetembea mpaka kwetu bila kupotea njiani.

Fungu la tatu ni kitu kilichopo, ambacho watu wamekigeuza kuwa njia ya pesa. Kitenzi huwa katika kauli ya kutendea, na yambwa ni kitu chenyewe: “Shule, banaifanyia biznesi.” “Maji, banaifanyia biznesi.” Aliyesema hivyo hakani kwamba kuna shule, wala kwamba kuna maji. Analalamika juu ya wanaokaa kati yake na maji.

Fungu la nne ni sentensi yenye iko: “Mpira iko biznesi.” “Ndoa siku hizi iko biznesi.” “Kanisa yao ilikuwa ya kweli, sasa iko biznesi.” Nawaomba wasomaji wakae hapa kidogo, maana kesi yetu yote iko hapa. Nani amewahi kumsikia mtu akisema mpira uko biznesi, akafikiri mtu huyo anakana kwamba mpira upo? Hakuna. Kila msikilizaji anaelewa: mpira upo, unachezwa, unapendwa, ila pesa imekuwa bwana wake. Maana ya kawaida ya fungu la nne ni ile ile ya fungu la tatu, kwa maneno machache zaidi.

Fungu la tano ni udanganyifu. Kauli ni ile ile ya kutendea, lakini yambwa si kitu tena, ni watu: “Banatufanyia biznesi.” Kati ya banaifanyia na banatufanyia ni silabi moja tu imebadilika, na maana imehama. Katika sentensi ya kwanza kuna kitu kinachouzwa. Katika ya pili wanaouzwa ni sisi. Hapa ndipo mtu anaweza kuwa anasema kwamba jambo lenyewe ni la uongo, limetungwa ili wengine wale. Nasema anaweza. Halazimiki.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeonekana pande za Mangina, katika eneo la Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi katika nchi yetu tangu 1976, na mkubwa kuliko yote iliyoutangulia. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 3,470, na kati yao watu 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa ulirudi pande za Butembo mwezi wa pili 2021, ukazimwa baada ya miezi mitatu. Wasomaji wengi wa jarida hili wanao majina yao katika hesabu hiyo. Siandiki juu ya neno kwa sababu nimesahau watu.

Pamoja na ugonjwa ilikuja riposti, kama tulivyoiita kwa Kifaransa: magari makubwa meupe, nyumba za kupanga zilizopanda bei, vijana waliopata kazi na vijana waliokosa. Lugha ya mji iliyaandika haya yote mara moja. Tulianza kusema “anatumika mu Ebola”, kwa namna ile ile tunavyosema mtu anatumika benki. Ebola ilikuwa jina la ugonjwa, na ilikuwa jina la mwajiri. Katika hali hiyo, mtu akisema “Ebola iko biznesi”, neno la kwanza la sentensi lina maana mbili kabla hujafika kwenye neno la mwisho. Anasema virusi ni biznesi, au anasema mwajiri yule ni biznesi? Kijana mwenye daftari alisikia la kwanza. Mama mkubwa, nilipomhoji vizuri, alikuwa amesema la pili. Timu tatu zilikuwa zimepita kwake kwa wiki moja, kila moja na gari lake, kila moja na maswali yale yale, na hakuna hata moja iliyokuwa na dawa ya malaria ya mjukuu wake aliyekuwa na homa mgongoni mwake wakati wa mahojiano.

Je, malalamiko ya fungu la tatu yalikuwa na msingi? Tusijibu kwa hisia. Waziri wa afya wa wakati ule, Oly Ilunga, alijiuzulu mwezi wa saba 2019. Mwezi wa tatu 2020 alihukumiwa Kinshasa miaka mitano ya kazi ya shuruti kwa kutumia vibaya zaidi ya dola 400,000 za fedha za kupambana na Ebola, kosa ambalo yeye alilikana. Mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya wanawake waliodaiwa miili yao ili wapate au wasipoteze kazi katika riposti. Iliwataja watuhumiwa 83, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Yaani miaka ilipopita, mahakama na tume zilisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo soko lilikuwa limelisema kwa neno moja. Soko lilipolisema, liliandikwa kwenye safu ya uvumi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mwanafunzi wa isimu angepaswa kuusoma, ingawa umeandikwa na watu wa afya. Patrick Vinck na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi wa tisa 2018, na matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet Infectious Diseases mwaka 2019. Karibu robo ya waliohojiwa walisema kwamba mlipuko wa Ebola si wa kweli. Karibu theluthi walisema kwamba umetengenezwa kwa ajili ya faida ya pesa. Wekeni namba hizo mbili pamoja. Waliotaja pesa ni wengi kuliko waliokana. Maana yake, wako watu, na si wachache, waliosema kuna pesa ndani yake bila kusema kwamba haiko. Watu hao ni mama mkubwa. Utafiti wenyewe unawaonyesha kwa kuwa uliuliza maswali mawili tofauti. Lakini katika mazungumzo ya kila siku ya timu, katika redio na katika mikutano, maswali hayo mawili yalikunjwa yakawa moja: unaamini, au huamini?

Madhara yake naweza kuyaeleza kwa kifupi. Mtu aliuliza swali la pesa, akajibiwa kwa somo la biolojia. Alisema “banaifanyia biznesi”, akaonyeshwa picha ya virusi na ya popo. Kwa kuwa swali lake halikujibiwa, alilirudia kwa sauti ya juu zaidi. Kwa kuwa alilirudia, aliandikwa kuwa mkaidi. Na mtu ambaye swali lake la haki limefanywa ujinga, kesho yake hana sababu ya kubaki katika fungu la tatu. Anahamia la tano: “Banatufanyia biznesi.” Nimeona watu wakihama hivyo, kutoka yambwa hadi yambwa, kwa muda wa wiki chache. Hatuwezi kusema kwamba walianza na uongo. Wako waliosukumwa kuelekea huko.

Najua nitakayojibiwa.

Watasema: kwani hakukuwa na waliokana kabisa? Walikuwepo. Robo ya watu 961 si jambo la kupuuza, na kukana kuliua. Mtu aliyeficha mgonjwa kwa kuamini kwamba hakuna ugonjwa alizika zaidi ya mmoja. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa pili 2019. Tarehe 19 mwezi wa nne mwaka huo, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa hapa mjini katika kliniki za chuo kikuu cha Graben. Hakuna fungu la maana linalofunika jambo hilo. Ninachosema ni kwamba ukiwaweka pamoja mkanaji na mlalamikaji kwa sababu wametumia neno moja, unampa mkanaji jeshi ambalo hakuwa nalo.

Watasema pia: shida haikuwa maneno, ilikuwa vita na siasa. Ni kweli, na sitaki isimu ijifanye kubwa kuliko ilivyo. Watu wa Beni wamechinjwa tangu mwezi wa kumi 2014 bila kuona magari mengi kiasi kile yakija kuwaokoa. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 nchi ilipiga kura ya rais, na sisi wa Beni na Butembo, pamoja na Yumbi, tuliambiwa tungoje hadi mwezi wa tatu, huku rais akiapishwa mwezi wa kwanza. Sababu tuliyopewa ilikuwa Ebola na usalama. Mtu aliyeuliza kwa nini Ebola inafunga kituo cha kura na haifungi soko, alikuwa na swali. Lakini angalieni aliuliza kwa neno gani. Alisema: “Ebola yao iko biznesi.” Siasa ilipita ndani ya neno lile lile, na ndiyo sababu nyingine ya kulisikiliza vizuri.

Jibu la tatu linatoka karibu zaidi, katika darasa letu. Kuna walimu, nawaheshimu, wanaotuambia kwamba biznesi si Kiswahili, kwamba neno ni biashara, na kwamba kazi yetu ni kusafisha. Nakubali kwamba katika mtihani wa Kiswahili sanifu niandike biashara. Lakini jaribuni kubadilisha. “Haiko biashara yako” inamaanisha duka si lako. “Ebola iko biashara” haisemwi na mtu yeyote ninayemjua. Maneno haya mawili yamegawana kazi: moja limechukua duka na heshima, jingine limechukua kujitafutia, mambo ya mtu, lalamiko na hila. Mtu anayelifuta biznesi kama uchafu hasafishi chochote. Anafuta njia ambayo watu wetu waliichagua kusemea jambo zito kabisa la maisha yao. Ni ajabu kwamba wageni na wasafishaji, ambao hawafanani kwa lolote, walifanya kosa moja: wote walisikia neno la Kiingereza, wakafikiri maana yake wanaijua.

Tufanye nini basi? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, mifano ya darasani. Tukifundishwa maana nyingi za neno moja, tunapewa kata, tunapewa paa, tunapewa kupiga na vyote vinavyopigwa, kutoka simu hadi kura. Ni mifano mizuri. Lakini paa la nyumba na paa wa porini hawajawahi kumwandikisha mtu kwenye safu ya wakaidi. Tuongeze maneno ya hapa. Zaidi ya biznesi, chukueni kontakti. Sokoni, kontakti ni mtu mwema wa kukusaidia, au namba yake ya simu: “Nipe kontakti yako.” Katika riposti, kontakti alikuwa mtu aliyegusana na mgonjwa, wa kufuatwa siku 21. Fikirieni mfanyabiashara anaambiwa kwa furaha ya kikazi kwamba yeye ni “kontakti ya juu”.

La pili, utafiti wa mwisho wa masomo. Wengi wetu tunaandika juu ya methali na juu ya vitabu vya mbali. Lakini tunaishi kati ya Kinande, Kiswahili cha Kongo, Kifaransa na Kiingereza cha mpakani, na mambo mengi ya mkutano huo bado hayajaandikwa. Kinande kina bahati: Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka walikitolea kamusi kubwa ya Kinande na Kifaransa mwaka 2012. Kiswahili tunachozungumza Butembo na Beni kinangoja watu wake. Shirika la Translators without Borders lilipofanya kazi ya lugha wakati wa mlipuko lilionyesha kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu havikutosha kuwafikia wengi. Jambo hilo tulilijua sote majumbani. Ilibidi watoke wengine kuja kuliandika.

La tatu ni dogo kuliko yote, na ndilo ninalolitaka zaidi. Kila mara kutakapokuja timu ya kuuliza watu maswali, iwe ya afya, ya uchaguzi au ya msaada, mmoja wetu awe ndani yake, na kazi yake iwe kuuliza swali moja la ziada: “Mama, unamaanisha nini?”

Daftari la yule kijana lilikuwa na safu mbili, nilizisoma nikiwa mlangoni: amekubali, amekataa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, mwenye njaa kama sisi, na hakuna aliyemfundisha kwamba katikati ya safu hizo kuna nafasi. Ningependa daftari linalokuja liwe na safu ya tatu, pana kuliko hizo mbili, ya kuandika alichosema mtu kwa maneno yake mwenyewe, yote, pamoja na viambishi. Mama mkubwa alikuwa na maneno manne tu. Yangetosha kwenye mstari mmoja.